Usipite Kama Upepo: Mwongozo Kamili wa Kutazama Maonyesho ya Michoro ya Kale ya Uholanzi na Flanders

Ukiingia kwenye ukumbi wa michoro ya kale, jambo la kwanza utakalodhani ni kwamba umeme umepungua. Taa zimefifia, kuta zimepakwa rangi nzito, watu wananong'ona kana kwamba chumba cha pili kuna mgonjwa. Ukutani zimetundikwa karatasi, nyingi hazizidi daftari la shule kwa ukubwa, zina mistari ya kahawia. Mara yangu ya kwanza nilizimaliza zote, 70 na kitu, kwa dakika 25. Nilipotoka sikukumbuka hata moja. Nilikumbuka bei ya kahawa.

Kosa langu lilikuwa kuitazama michoro kama picha za rangi zilizokosa rangi. Wachoraji wa Antwerp, Haarlem na Amsterdam wa karne ya 16 na ya 17 hawakuwa wakichora kwenye karatasi ili kupamba ukuta, isipokuwa wachache nitakaowataja. Karatasi ilikuwa chombo cha karakana, kama kipimo cha fundi cherehani: ya kujifunzia, ya kumwonyesha mteja, ya kumkabidhi mchongaji wa bamba la shaba, ya kumsahihishia mwanafunzi. Kwa hiyo humu ndani nitakurudisha mara kwa mara kwenye swali moja: karatasi hii ilikuwa ya kazi gani? Ukilijibu mbele ya karatasi 10 tu, umeona mengi kuliko aliyezipitia zote.

Hatua ya 1: Kabla hujakata tiketi

Maonyesho haya hayakai. Mwanga huumiza karatasi na wino, na kilichofifia hakirudi. Ndiyo maana majumba ya makumbusho huweka mwanga wa lux 50 hivi (ofisi ya kawaida huwa na lux 300 hadi 500), huonyesha karatasi kwa miezi 3 au karibu na hapo, kisha huirudisha sandukuni ikapumzike kwa miaka. Maonyesho ya michoro ya Flanders (eneo ambalo leo liko Ubelgiji), kuanzia Bruegel hadi Rubens, yaliyofanyika kwenye makumbusho ya Ashmolean, Oxford, yalifunguliwa Machi 2024 na kufungwa Juni mwaka huohuo. Aliyepanga kwenda Agosti alikuta kuta. Ukisikia yametangazwa karibu nawe, panga wiki ya kwanza au ya pili, na usome tovuti kuona kama baadhi ya karatasi zitabadilishwa katikati ya msimu. Hilo hutokea, nalo huwaudhi sana watu waliosafiri kwa ajili ya karatasi moja.

Kwa walio Ulaya na Marekani, mahali pa kufuatilia ni pengi: Rijksmuseum kule Amsterdam, Teylers kule Haarlem (ilifunguliwa 1784, kongwe kuliko makumbusho yote ya Uholanzi), Plantin-Moretus kule Antwerp, Fondation Custodia kule Paris, British Museum kule London, Kupferstichkabinett kule Berlin, Albertina kule Vienna, Morgan kule New York. Hawa wote wana hazina zao wenyewe, kwa hiyo hata mwaka usio na maonyesho makubwa huwa kuna kitu. Nenda asubuhi ya katikati ya wiki. Jumamosi mchana utatazama visogo vya watu.

Beba vitu vinne: penseli, daftari dogo, miwani yako ya kusomea, na lenzi ndogo ya kukuza isiyo na taa. Penseli, siyo kalamu ya wino. Mimi niliwahi kunyang'anywa kalamu mlangoni kama mtoto aliyekutwa na peremende darasani, nikaona wananionea. Siku nilipofahamu kwamba tone moja la wino wa kisasa kwenye karatasi ya mwaka 1600 halina dawa, kinyongo kiliisha.

Hatua ya 2: Mzunguko wa kwanza, mikono nyuma

Simama karibu na mlango dakika tano usifanye kitu. Macho yanahitaji muda kuuzoea ule mwanga, na anayekimbilia karatasi ya kwanza huiona nusu. Kisha zunguka ukumbi mzima bila kusoma chochote. Kila karatasi inayokuvuta, andika namba yake tu. Usijiulize kwa nini. Ukimaliza utakuwa na namba 8 hadi 12, na hizo ndizo utakazorudia. Nyingine waachie wenzako.

Mikono nyuma ni ushauri wa vitendo. Utataka kusogea hadi pua iguse kioo, maana mistari ni myembamba, na katika kumbi nyingi kuna kengele inayolia ukivuka mpaka usioonekana. Ikilia, kila mtu anageuka. Mikono ikiwa nyuma, mlinzi akikuona anajua huna nia mbaya.

Hatua ya 3: Soma kibao kuanzia chini

Watu husoma jina la mchoraji, wakilijua wanasimama, wasipolijua wanapita. Geuza utaratibu huo. Anza na mstari wa vifaa, ambao kwa kawaida uko chini na una herufi ndogo. Tuseme umeandikwa hivi: kalamu na wino wa kahawia, brashi na wino wa kahawia uliozimuliwa, juu ya chaki nyeusi. Hapo umepewa historia ya mchoro mzima, ila imeandikwa kinyumenyume. Neno "juu ya" linakuambia chaki ilitangulia: mchoraji alitafuta umbo kwa chaki, laini, kwa kubahatisha. Akishalipata akalikaza kwa kalamu. Mwisho akazimua wino kwa maji na kupaka vivuli kwa brashi. Sasa sogea uitafute ile chaki chini ya wino. Mara nyingi utaona mkono ulichorwa mahali pengine kwanza, au kichwa kilikuwa kimeinama zaidi. Huko ndiko mchoraji alipokuwa akifikiri, na kwangu hapo ndipo penye raha yote.

Vipimo hutolewa kwa milimita, kimo kwanza, upana baadaye.

Halafu njoo kwenye jina, ukitazama vineno vinavyolizunguka. Katika makumbusho za Uholanzi utakutana na haya: *toegeschreven aan*, yaani inadhaniwa ni kazi yake, *omgeving van*, ya mtu aliyekuwa karibu naye, *navolger van*, ya mfuasi wake, na *naar*, iliyonakiliwa kutoka kwake. Tofauti kati ya la kwanza na la mwisho inaweza kuwa miaka 100 na fedha nyingi sana. Usidharau karatasi kwa sababu ya kineno hicho, lakini ujue unachotazama.

Hatua ya 4: Tambua kifaa kwa macho yako

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Ukishajua mkono ulishika nini, utajua pia ulikwenda kwa kasi gani na nini hakikuwezekana.

*Ncha ya fedha.* Hiki ni kifaa cha kale, kipenzi cha Flanders ya karne ya 15. Kijiti chenye ncha ya fedha hakiachi alama kwenye karatasi tupu. Sharti karatasi ipakwe kwanza mchanganyiko wa unga wa mifupa na gundi. Mstari wake ni mwembamba, wa kijivu, unaoelekea kahawia kadiri fedha inavyopata kutu. Ukibonyeza hauongezeki unene, na kuufuta ni shida. Kwa hiyo kila kivuli unachokiona kimejengwa kwa mistari mingi midogo iliyopangwa kwa subira. Jan van Eyck alimchora hivyo mzee mmoja wa kanisa miaka ya 1430. Karatasi iko Dresden, na pembeni ameandika kwa lugha ya kwao rangi za midomo, ngozi na macho, ili akirudi karakanani apake picha ya mafuta bila ya mwenyewe kuwepo. Kazi ya karatasi ile imejieleza yenyewe.

Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, alikitumia kifaa hicho zama zake kikiwa kimekaribia kusahaulika. Mwaka 1633 alimchora mchumba wake Saskia kwenye ngozi ya ndama iliyotayarishwa, amevaa kofia pana ya majani, ameegemeza shavu mkononi, mkono mwingine umeshika ua. Chini akaandika kwamba huyu ni mke wake alipokuwa na miaka 21, siku ya tatu tangu wachumbiane, tarehe 8 Juni. Iko Berlin. Mchoro huo mdogo haukuwa maandalizi ya chochote. Kifaa kisichofutika, kwenye ngozi badala ya karatasi: mtu anachagua hivyo anapotaka kitu kidumu.

*Chaki.* Chaki nyeusi ni jiwe la asili, laini, na nyekundu ni ndugu wa ngeu, ile ambayo maseremala wetu walipigia mistari kwenye mbao. Zote mbili hubadilika kwa mkono: ukiilaza inatoa kivuli kipana, ukiisimamisha inatoa mstari mkali. Tazama mstari unavyokatikakatika pale unapopita kwenye chembechembe za karatasi. Mfano wa kutafuta ni tembo wa Rembrandt wa mwaka 1637, uliopo Albertina, wa chaki nyeusi. Tembo huyo alikuwa jike, jina lake Hansken, aliletwa Uholanzi kutoka Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwaka 1633 na kuzungushwa Ulaya akionyeshwa kwa kiingilio. Mtu aliyezoea tembo wa Mikumi au Amboseli atashtuka kidogo: masikio ni madogo, mgongo umebinuka, huyu ni tembo wa Asia. Lakini ngozi! Rembrandt ameiacha chaki iparuze karatasi, mikunjo ya magoti ikaja kwa misuguano michache mizito, na tumbo ameliacha karibu tupu. Hakuchora mikunjo yote. Alichora ile inayobeba uzito.

Rubens alipenda kuchanganya chaki nyeusi, nyekundu na nyeupe kwenye uso mmoja. Picha ya mkewe wa kwanza, Isabella Brant, iliyopo British Museum, ni somo kamili: nyeupe inang'aa puani na kwenye paji la uso, nyekundu imewekwa midomoni na mashavuni, nyeusi imebeba nywele. Nguo imeguswa kwa mistari michache ikaachwa. Kazi yote imo usoni.

*Unyoya na tete.* Kalamu ya kawaida ilikuwa unyoya wa bata bukini. Unapinda, unateleza, unanenepa ukibonyezwa na kukonda ukiachiwa. Hendrick Goltzius wa Haarlem aliutumia kwa namna ambayo mimi bado siielewi vizuri hata baada ya kusimama mbele yake mara kadhaa. Mwaka 1588 alichora mkono wake wa kulia, ule ulioungua motoni utotoni hata vidole visikunjuke sawasawa. Uko Teylers. Alikuwa mchongaji wa mabamba ya shaba, na unyoya wake unaiga patasi: kila mstari unaanza kama nywele, unavimba katikati, unamalizikia kama nywele. Tazama mishipa juu ya kiganja. Halafu kumbuka ni mkono huohuo uliofanya kazi yote ile.

Tete ni kitu kingine. Waswahili tunaijua, maana neno kalamu tumelipata kwa Kiarabu na asili yake ndiyo hiyo tete iliyochongwa, na hati za mashairi ya pwani ziliandikwa nayo. Ni pana, ngumu, haihifadhi wino mwingi. Mstari unaanza mnene na mweusi, kisha wino unakauka njiani na kuacha mchirizi uliopasukapasuka. Rembrandt aliipenda zaidi miaka ya 1650, na karatasi zake za wakati huo zina mistari michache kama magogo yaliyowekwa. Ukiona mstari wa namna hiyo, mpana, mkavu mwishoni, usioweza kupinda bila kusimama kwanza, umeshika tete.

*Brashi peke yake.* Hii ni adimu kwa sababu inatisha: haina kurudi nyuma. Msichana aliyelala wa Rembrandt, karibu mwaka 1654, aliyeko British Museum, amechorwa kwa brashi na wino wa kahawia tu. Wengi huamini ni Hendrickje Stoffels, mwanamke aliyeishi naye. Hesabu michirizi ya begani na mgongoni. Ni michache mno. Kila mmoja una mwanzo, una tumbo lenye maji mengi, una mwisho uliokauka. Unaweza kufuata mpangilio wake kwa kidole hewani, ukiwa umeacha nafasi na kioo.

*Wino wenyewe.* Vibao vingi husema wino wa kahawia, na mtu hudhani zamani walipenda kahawia. Si mara zote. Wino uliotumika sana ulitengenezwa kwa vivimbe vya mti wa mwaloni, chumvi ya chuma na gundi, na ulipoandikiwa ulikuwa mweusi au unaoelekea kuwa mweusi. Karne ndizo zilizougeuza. Una asidi, nao hula karatasi. Ukiona mstari mzito uliozungukwa na utando wa kahawia, au uliotoboka kabisa, ndio huo. Wino mwingine ulitoka kwenye masizi ya kuni, huo ulikuwa kahawia tangu mwanzo. Kuutofautisha kwa macho matupu mbele ya kioo ni kazi ya kubahatisha, na hata wenye maabara huwa waangalifu.

Hatua ya 5: Karatasi hii ilikuwa ya kazi gani?

Sasa una ushahidi wa kutosha kulijibu. Tafuta dalili.

Dalili ya kwanza ni miraba. Mistari hafifu iliyokatana juu ya mchoro mzima maana yake ulikusudiwa kuhamishiwa kwenye kitu kikubwa, mraba kwa mraba.

Ya pili ni mashoto. Ukiona askari wote wameshika upanga kwa mkono wa kushoto, au mtu anabariki kwa kushoto, usidhani mchoraji alikosea. Mchoro huo ulikuwa wa kugeuzwa. Bamba la shaba likichongwa na kupigwa chapa, picha hutoka imepinduka kama kwenye kioo. Na wafumaji wa Brussels waliofuma mapazia makubwa ya ukutani kwa vitanda vya mfumi vilivyolazwa walifanya kazi upande wa nyuma, kwa hiyo nako picha iligeuka. Msanifu mzuri alipindua mapema ili ije sawa.

Ya tatu ni makwaruzo. Inamisha kichwa uitazame karatasi kwa upande. Kama mistari mikuu imezama kana kwamba imepitiwa na ncha ya msumari, basi ilipitiwa kweli, ili ihamie kwenye bamba.

Mfano bora wa hayo ni mchoro wa Pieter Bruegel Mzee wa mwaka 1556, *Samaki wakubwa huwala wadogo*, ulio Albertina. Usemi huo hata sisi tunao, kwa hiyo hutahitaji maelezo. Samaki mkubwa kama nyumba amelala ufukweni. Mtu mdogo mwenye kofia ya chuma anampasua tumbo kwa kisu kirefu kuliko yeye mwenyewe, na kutoka tumboni na kinywani wanamwagika samaki, nao vinywani wana samaki, na hao nao wana wengine. Kuna ngazi imeegemezwa mwilini mwake. Kwa mbali, samaki mwenye miguu ya mtu anaondoka zake na mwenzake mdomoni, kama mtu anayetoka sokoni. Mbele, kwenye mtumbwi, mtu mzima anamwonyesha mtoto.

Ukiitazama kwa karibu, mistari ni safi, haina kusitasita, kila gamba limeamuliwa. Hakuna mahali palipoachwa kwa kusema "hapa tutaona". Mchoraji anayejifunza hachori hivyo. Hivi huchora anayemkabidhi mwenzake kazi, asije akauliza maswali. Na ndivyo ilivyokuwa. Pieter van der Heyden aliichonga, na Hieronymus Cock akaichapisha Antwerp mwaka 1557, picha ikiwa imegeuka. Halafu Cock akafanya ujanja wa kibiashara: kwenye chapa aliandika kwamba mbunifu ni Hieronymus Bosch, ambaye alikuwa amekufa tangu 1516. Jina la Bosch liliuza. La Bruegel lilikuwa bado. Bila mchoro huu wenye saini na mwaka wake, uongo ule ungekuwa mgumu zaidi kuukamata.

Kinyume chake ni michoro iliyofanywa ili iuzwe kama ilivyo. Hendrick Avercamp wa Kampen, ambaye alikuwa bubu, alipaka rangi za maji kwenye picha zake za watu wakiteleza kwenye barafu, na wanunuzi walizichukua kama kazi kamili. Jan van Goyen naye, hasa mwaka 1653, alitoa karatasi nyingi za chaki nyeusi na maji ya kijivu: mto, mtumbwi, kibanda, ndege wawili, kisha herufi VG na mwaka. Saini na mwaka uliowekwa wazi pembeni ni dalili nzuri ya karatasi ya sokoni. Kusema kweli za van Goyen zikifuatana kumi huchosha. Tazama mbili.

Kuna jozi ya maneno utakayokutana nayo vibaoni, iliyoenezwa na Karel van Mander katika kitabu chake cha 1604 kuhusu maisha ya wachoraji: *naer het leven*, kwa kutazama kitu chenyewe, na *uyt den gheest*, kutoka kichwani. Usiichukue kama mema na mabaya. Mchoraji aliyekamilika alitakiwa awe na vyote viwili: atazame hadi akariri, kisha achore bila kutazama.

Hatua ya 6: Nani alichora, na tunajuaje

Chukua kisa kimoja. Kwa muda mrefu kulikuwa na kundi la karatasi zipatazo 80 zenye wakulima, ombaomba na wapita njia, kila mmoja akiwa na maelezo ya rangi za nguo zake na maneno *naer het leven*. Kila mtu alisema ni za Bruegel. Ndiye mchoraji wa wakulima, nani mwingine? Mwaka 1970 watafiti wawili, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba ni za Roelant Savery, Mflandria aliyezaliwa Kortrijk na kufanya kazi Prague kwa Kaisari Rudolf II, miongo kadhaa baada ya kifo cha Bruegel mwaka 1569. Mwandiko wa yale maelezo ya rangi ulikuwa wa Savery. Karatasi zilikuwa zimesema ukweli muda wote, ila watu walitazama picha wakaacha kusoma.

Kwa Rembrandt mambo ni magumu zaidi, kwa sababu wanafunzi wake walifundishwa kuchora kama yeye. Ferdinand Bol, Govert Flinck, Samuel van Hoogstraten, Nicolaes Maes: wote walikaa mbele ya mtu yuleyule au hadithi ileile ya Biblia. Orodha kubwa ya Otto Benesch ya 1954 hadi 1957 ilimpa Rembrandt michoro zaidi ya 1,300. Wataalamu waliofuata wameipunguza mno.

Zoezi ni hili. Maonyesho yakiwa na Rembrandt na mwanafunzi wake ukuta mmoja, funika vibao kwa macho yako na uulize kuhusu vivuli. Mwanafunzi mara nyingi huvijaza kwa mistari sambamba yenye nafasi sawa, na huzungushia mwili mstari usiokatika, kwa hofu kwamba akikatisha mtu ataanguka. Rembrandt hukatisha. Huacha bega likiwa wazi, halafu huweka mchirizi mmoja mzito chini ya kiti na mtu mzima anakaa. Mimi hukosea kama mara moja kwa tatu. Ukikosea, rudi uone ulidanganywa na nini.

Angalia pia mikono miwili kwenye karatasi moja. Rubens alinunua michoro ya wengine na kuipitia kwa brashi yake, akiongeza mwanga hapa, akirekebisha mguu pale. Jacob Jordaens aliongeza karatasi yenyewe: wazo likikua, alibandika kipande pembeni akaendelea. Tafuta maungio, kwenye karatasi zake yanaonekana bila lenzi.

Hatua ya 7: Pembezoni

Muhuri mdogo kwenye kona si uchafu. Ni alama ya mkusanyaji. Herufi PL ni za Peter Lely, mchoraji wa London mwenye asili ya Kiholanzi, aliyekufa 1680 akiacha hazina kubwa ya michoro. Frits Lugt, Mholanzi ambaye pamoja na mkewe alianzisha Fondation Custodia mwaka 1947, alichapisha mwaka 1921 orodha ya alama hizo, kila moja na namba yake. Ndiyo maana katalogi huandika L. na namba. Orodha hiyo sasa iko wazi kwenye intaneti kwa Kifaransa. Chora muhuri kwenye daftari lako, nyumbani uutafute. Utashangaa karatasi moja imelala katika nyumba ngapi.

Karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, na ukiitazama vizuri utaona alama za nyuzi za kichujio: mistari mingi iliyokaribiana, na michache ya mbalimbali inayoikata. Alama ya maji, yaani nembo iliyomo ndani ya karatasi yenyewe, huwezi kuiona ikiwa kwenye fremu. Isome kwenye katalogi.

Hatua ya 8: Nakili moja

Chagua karatasi moja kati ya zako na uinakili kwa penseli, dakika 15, hata kama mara ya mwisho kuchora ilikuwa darasa la tano. Hakuna atakayeona. Unaponakili unalazimika kuamua mstari unaanzia wapi, na hapo ndipo utagundua kwamba ule uliodhani ni mkunjo wa nguo ni kidole. Daftari langu limejaa magoti mabaya, na ninayakumbuka magoti hayo kuliko picha zote nilizopiga kwa simu.

Hatua ya 9: Chumba cha kusomea

Aliye mbali aanzie nyumbani. Rijksmuseum inatoa picha za ubora wa juu bure, na British Museum ina katalogi kubwa mtandaoni. Ukikuza pale unaona chembe za chaki vizuri kuliko ukumbini. Kinachopotea ni ukubwa, kwa hiyo kata karatasi ya vipimo vya kwenye maelezo uiweke kando ya skrini.

Lakini ukiwa kwenye mji wenye hazina, kuna mlango ambao wengi hawaujui. Vyumba vya kusomea vya makumbusho hizi hupokea watu wa kawaida, siyo maprofesa tu. British Museum hailipishi. Unaandika mapema, unataja namba za karatasi unazotaka (ndiyo maana nilikwambia uandike namba), unafika na kitambulisho. Unanawa mikono, unaacha begi nje, unakaa kwenye meza yenye mwanga mzuri. Wanaleta sanduku, na ndani yake karatasi imo kwenye kadibodi bila kioo.

Itazame kwanza kama ulivyoitazama nyingine zote. Kisha mwombe mhudumu akugeuzie nyuma. Usigeuze mwenyewe. Nyuma kunaweza kuwa na hesabu za mtu, mguu uliochorwa ukaachwa, jina la mnunuzi, wino uliopenya kutoka mbele na kuchora kivuli cha picha kwa upande wa pili. Ukimaliza, funga sanduku kama ulivyolikuta, uombe jingine.